Titi Moja Limevimba kwa Mwanaume: Usubiri, Umeze Vidonge au Upasuliwe?

Kijana wa miaka 14 akivimba titi la kushoto, nyumba nzima inahangaika. Anakandwa maji ya moto, anapakwa dawa, anaulizwa kama amekanyaga kitu cha watu. Babu yake wa miaka 68 akivimba titi hilohilo, anavaa shati na koti juu yake, anaenda shambani, na mwaka unapita. Hapa Dodoma hali hii ni ya kawaida mno, na ilipaswa kuwa kinyume. Kijana ndiye mwenye nafasi ya kusubiri kwa amani. Mzee ndiye wa kuwahi hospitali wiki hii hii.

Kwa hiyo ukiniuliza kipi bora kati ya kusubiri, vidonge na upasuaji, nitakuuliza mambo matatu kabla ya kukujibu. Una umri gani? Uvimbe una muda gani? Na ukiushika, unaushika wapi? Majibu ya hayo matatu ndiyo yanayochagua tiba. Mtu anayeanza na tiba kabla ya hapo anabahatisha.

Mafuta au tezi?

Lala chali, mkono wa upande uliovimba uweke chini ya kichwa. Weka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, kisha visogeze taratibu kuelekea chuchu. Vikifika chuchuni bila kukwama popote, hayo ni mafuta. Vikikwama kwenye kitu cha mviringo kilichokaa nyuma ya chuchu, kinateleza kidogo na kubonyea kama raba ya kufutia penseli, hiyo ni tezi ya titi iliyokua. Mara nyingi inauma ikibonyezwa, hasa miezi ya mwanzo. Kitabibu inaitwa jinekomastia.

Tofauti hii inabadilisha kila kitu kinachofuata. Mafuta kwa kawaida huja pande zote mbili, kwa mtu aliyenenepa, na hayana kidonge wala mafuta ya kupaka. Hupungua uzito unapopungua, na yasipopungua hufyonzwa kwa upasuaji. Mafuta yakiwa upande mmoja tu, mara nyingi ni kijivimbe laini kinachohama ukikisukuma na hakiumi. Hicho ni uvimbe wa mafuta wa kawaida, unaweza kuota popote mwilini, na kama haukukeri unaweza kuachwa baada ya daktari kuuona.

Wapo pia wanaodhani titi limekua kumbe ni msuli. Mtu anayebeba magunia kwa bega moja siku zote, kama vijana wa soko la mahindi Kibaigwa, anaweza kuwa na kifua kilichojaa zaidi upande mmoja. Na wapo wachache waliozaliwa bila msuli kamili wa kifua upande mmoja, hivyo upande mzima ndio unaoonekana umevimba. Kaza kifua mbele ya kioo, tofauti ya misuli itaonekana.

Tezi au saratani?

Hapa nataka tukae zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza maisha kwa aibu.

Mwanaume ana tishu ya titi, kidogo lakini anayo, na palipo na tishu hiyo saratani inaweza kuota. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, takribani mmoja ni mwanaume. Ni wachache. Ila kwa sababu titi la mwanaume ni dogo, uvimbe hauna safari ndefu kufika kwenye ngozi au kwenye msuli wa kifua, na wengi huja hospitali ukiwa umeshafika huko.

Tezi iliyokua hukaa katikati, nyuma ya chuchu, na kingo zake huzishika vizuri kwa vidole. Saratani mara nyingi hukaa pembeni kidogo ya chuchu, ingawa inaweza kuanzia chini yake pia. Tezi hubonyea, saratani huwa ngumu, haina umbo la kueleweka, na ukijaribu kuisukuma unahisi imeshika ngozi au imeshika chini. Kwenye jinekomastia ngozi na chuchu hubaki zilivyo. Kwenye saratani chuchu inaweza kuvutwa ndani, kutoa damu au maji yenye damu, kuwa na kidonda kisichopona, au ngozi ikaingia vishimo. Kwapa la upande huo nalo linaweza kuwa na tezi zilizovimba.

Jambo linalowadanganya wengi ni maumivu. Tezi iliyokua inauma, kijana anashtuka. Saratani mwanzoni mara nyingi haiumi, mzee anajiambia si kitu. Kutouma si nafuu. Kwa mtu aliyevuka miaka 50, uvimbe mgumu usiouma, upande mmoja, unapaswa kumpeleka hospitali haraka kuliko ule unaomnyima usingizi.

Je, kuwa upande mmoja peke yake kunamaanisha saratani? Hapana, na nasisitiza hili kwa vijana. Jinekomastia inaweza kuanza upande mmoja, upande wa pili ukafuata baada ya wiki au miezi, au usifuate kabisa. Homoni husafiri kwenye damu na kufika pande zote, lakini tishu za pande mbili si lazima ziitikie sawasawa. Tena jinekomastia ya kawaida haigeuki kuwa saratani. Kinachobadilisha uzito wa jambo ni upande mmoja pamoja na umri mkubwa, ugumu, chuchu iliyovutwa, damu, au mama, dada au ndugu mwingine wa damu aliyeugua saratani ya titi.

Picha zinazotumika ni mbili. Altrasaundi inamfaa zaidi kijana wa chini ya miaka 25 hivi. Kwa mtu mzima mwenye uvimbe unaotia shaka, mamografia, yaani eksirei ya titi, ndiyo ya kwanza, na mwanaume anapigwa kama mwanamke anavyopigwa. Picha ikiacha shaka, kinachukuliwa kinyama kwa sindano na kupelekwa maabara. Wapo wazee wanaokataa sindano hiyo kwa kuamini kwamba chuma kikigusa uvimbe ndiyo saratani inaanza. Sindano haianzishi saratani. Bila kile kinyama daktari hana namna ya kuchagua tiba sahihi, na kukataa ni kuchelewa.

Jipu ni jepesi kulitofautisha. Linakuja ndani ya siku chache, la moto, jekundu au jeusi linalong'aa kwenye ngozi yetu, linapwita, na homa juu. Huwapata zaidi wavutaji sigara na wenye kisukari. Linahitaji dawa za kuua bakteria na mara nyingi kutolewa usaha hospitalini, si kutumbuliwa nyumbani. Jipu linalorudi palepale mara kwa mara lipimwe kifua kikuu, na kwa mtu mzima lipimwe saratani pia. Uvimbe uliokuja baada ya kugongwa kifua, tuseme ajali ya bodaboda, unaweza kuwa damu iliyovilia; hiyo hupungua wiki kwa wiki. Isipopungua, rudi.

Kwa nini tezi inakua: kijana, mtu mzima, mzee

Kila mwanaume ana homoni za kiume, kubwa ikiwa testosteroni, na kiasi kidogo cha homoni ya kike, estrojeni. Tezi ya titi hukua pale estrojeni inapozidi nguvu testosteroni, iwe ni kwa estrojeni kupanda, testosteroni kushuka, au dawa kuingilia kati.

Kwa kijana ni balehe yenyewe. Karibu nusu ya wavulana hupata kiasi fulani cha uvimbe huu kati ya miaka 10 na 16, wengi bila kumwambia mtu. Kwa walio wengi huisha ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Si uchawi, si dalili ya kugeuka mwanamke, na hakuna uhusiano na jando kufanyika mapema au kuchelewa. Kijana wa kuangaliwa kwa makini ni yule aliyevimba kabla hajaonyesha dalili yoyote ya balehe, yule ambaye titi limekua kufikia kama la msichana, au kijana mrefu mwenye miguu mirefu na korodani ndogo zisizokua. Huyu wa mwisho anaweza kuwa amezaliwa na kromosomu ya X ya ziada, hali inayoitwa Klinefelter na inayompata takribani mvulana mmoja katika kila 600. Anahitaji kufuatiliwa na daktari wa homoni, na akiwa mkubwa hatari yake ya saratani ya titi iko juu kuliko ya wanaume wengine.

Kwa mtu mzima, swali la kwanza ni dawa. Spironolactone inayotolewa kwa wagonjwa wa moyo na ini ni maarufu kwa hili. Zimo pia digoxin ya moyo, baadhi ya dawa za presha kama nifedipine na amlodipine, vidonge vya fangasi vya ketoconazole, cimetidine ya vidonda vya tumbo, na metoclopramide ya kuzuia kutapika. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol na risperidone hupandisha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Familia zenye mgonjwa anayehudhuria hospitali ya akili ya Mirembe zinapaswa kulijua hili, ili akivimba titi wamwambie daktari badala ya kumwachisha dawa kimyakimya. Efavirenz, iliyokuwa ndani ya ARV (dawa za VVU) za wengi kabla nchi haijaanza kuhamia dawa ya dolutegravir mwaka 2019, nayo ilivimbisha matiti ya wanaume wengi. Na vijana wa jimu wanaojidunga homoni za kutunisha misuli wanajitengenezea tatizo hili wenyewe, kwani sehemu ya homoni hizo mwili huigeuza kuwa estrojeni.

Ukisoma orodha hiyo ukajiona, usiache dawa. Kuacha spironolactone au ARV kwa uamuzi wako ni hatari kubwa kuliko titi. Daktari anaweza kubadilisha, na tezi ikiwa bado changa huanza kulainika ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Baada ya dawa yanakuja magonjwa. Ini lililoharibika kwa gongo la miaka mingi au kwa homa ya ini B linashindwa kuondoa estrojeni. Figo zilizochoka na rovu linalofanya kazi kupita kiasi vinaleta shida hiyohiyo. Korodani zilizoathiriwa na matumbwitumbwi, au na ukoma kwa wazee waliougua zamani, ambao wengine walitibiwa kituo cha ukoma cha Hombolo, hutoa testosteroni kidogo. Mtu aliyekonda sana kwa ugonjwa, kisha akapata tiba na kuanza kula vizuri, anaweza kuvimba matiti kwa miezi kadhaa wakati homoni zake zinarudi kazini. Huyo anahitaji kuelezwa tu, atapona. Na kuna uvimbe wa korodani, nadra lakini mzito, unaomwaga homoni hadi titi likakua kabla mwenyewe hajagundua kwamba korodani ina kitu.

Kwa mzee, testosteroni hupungua na umri na mafuta ya mwili huongezeka, basi tezi hukua polepole. Wanaotibiwa saratani ya tezi dume kwa bicalutamide huvimba mara nyingi. Wapo pia wanaopimwa kila kitu na chanzo kisionekane, takribani mmoja kati ya wanne.

Sasa tuchague

| Njia | Inamfaa zaidi | Muda | Ubaya wake |
|---|---|---|---|
| Kusubiri kwa kufuatilia | Kijana wa balehe. Tezi changa isiyo na dalili mbaya | Miezi 6 hadi miaka 2 | Maumivu na kutaniwa |
| Kuondoa chanzo | Anayetumia dawa inayovimbisha. Mgonjwa wa ini au rovu | Mwezi 1 hadi 6 | Haisaidii sana tezi ya zamani |
| Vidonge vya tamoxifen | Tezi inayouma, chini ya mwaka 1 | Miezi 3 hadi 6 | Hatari ndogo ya damu kuganda |
| Upasuaji | Tezi ya zaidi ya mwaka 1, au balehe imekwisha | Siku moja, kisha wiki kadhaa za kupona | Kovu, ganzi, gharama |

Kusubiri kunaonekana kama kutofanya kitu, ndiyo maana wazazi hawakupendi. Lakini kwa mvulana wa miaka 13 au 14 aliyekaguliwa na kuonekana mzima, ndiyo tiba ninayoipa nafasi ya kwanza bila kusita. Pima upana wa tezi kwa rula kila baada ya miezi mitatu na uandike. Ikiuma, paracetamol inatosha. Shule za bweni ndizo zinazoumiza, kwa sababu ya kuoga pamoja na kucheza mpira bila shati. Mpe fulana nzito ya ndani, na mzazi aongee na mwalimu mmoja anayeaminika. Na mtu wa kumweleza kijana mwenyewe asiwe lazima baba. Mtoto atamsikiliza babu au mjomba akimwambia, "Mjomba wangu, hata mimi lilinitokea, likaisha," kuliko baba anayeuliza kwa ukali. Aseme hivyo kama ni kweli. Kama si kweli, amwambie tu kwamba wavulana wengi hupitia hapo.

Tamoxifen ni dawa ya saratani ya matiti, na madaktari huitumia pia kwa jinekomastia, kwa kawaida miligramu 10 au 20 kwa siku. Nguvu yake iko kwenye tezi changa inayouma. Ikishakaa zaidi ya mwaka, tishu yake inakuwa nyuzinyuzi ngumu na kidonge hakiiyeyushi. Hii si dawa ya kununua dukani kwa ushauri wa rafiki: inaweza kugandisha damu kwenye mshipa wa mguu, na ikianza kumezwa kabla ya vipimo inaweza kuficha saratani. Sindano za testosteroni ziogope zaidi. Kama homoni zako hazijapimwa na kuonekana ziko chini, sindano hizo zinaweza kulikuza titi badala ya kulipunguza.

Upasuaji ndio unaoondoa tezi ya zamani, na kwa kijana wa miaka 18 au 19 ambaye titi limegoma kurudi na hataki kuvua shati mbele ya watu, nauona ni uamuzi wa heshima. Asiambiwe anajipamba. Daktari hukata nusu duara pembeni ya sehemu nyeusi ya chuchu, kovu likajificha hapo, na mafuta yakiwepo yanafyonzwa. Matatizo yake ni damu kukusanyika ndani, chuchu kufa ganzi, au kifua kubaki na shimo iwapo tezi imeondolewa hadi chini kabisa. Muulize daktari maswali mawili kabla ya kusaini: chanzo kimetafutwa? Na tezi itakayotolewa itapelekwa maabara? Chanzo kikibaki, titi linaweza kurudi. Kama saratani imethibitishwa, upasuaji wake ni mwingine: titi lote huondolewa, tezi za kwapa hukaguliwa, na tamoxifen, mionzi au dawa za saratani za kupitia mshipa hufuata kadiri ya hatua ya ugonjwa.

Kwa mkulima wa Kongwa, Bahi au Chamwino, wakati wa kupasuliwa una uzito wake. Utavaa fulana ya kubana wiki kadhaa na hutanyanyua mzigo. Kama si saratani, panga baada ya mavuno, Julai au Agosti, ili kidonda kiwe kimepona kabla ya kushika jembe mvua zikikaribia. Kama ni saratani, usingoje mavuno.

Dawa za kienyeji sizilinganishi na njia hizi kwa sababu haziko kundi moja. Kukamua titi "usaha utoke" kunaumiza tishu na kuifanya itoe maji zaidi. Chale kwa wembe uliotumika kwa mwingine zinaweza kukupa homa ya ini B, ambayo yenyewe ikiharibu ini inaweza kuvimbisha matiti. Chupa zinazouzwa kwa kipaza sauti kuwa "zinasawazisha homoni" hazisemi kilichomo ndani yake.

Zahanati au rufaa?

Kijana mwenye uvimbe laini anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Akaguliwe, dawa anazotumia ziandikwe, apangiwe kurudi. Mtu aliyevuka miaka 40, au mwenye dalili yoyote ya hatari niliyoitaja, aombe rufaa siku hiyohiyo badala ya kupewa vidonge vya kuua bakteria na kuambiwa arudi mwezi ujao. Kwa wa Dodoma mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wa Mpwapwa au Kondoa wapitie hospitali ya wilaya na kuchukua barua, kwani ukiruka ngazi bima inaweza kukataa. Uliza dawati la bima mapema: upasuaji wa kuboresha mwonekano kwa kawaida haulipiwi, ila kuchunguza uvimbe unaotiliwa shaka ni jambo jingine, na daktari aandike sababu hiyo wazi. Tiba ya mionzi ikihitajika, wengi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze mwaka 2024 safari hiyo si ya kutwa nzima tena.

Siku ya kwenda, beba maboksi ya dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, na useme pombe unayokunywa bila kupunguza. Daktari atakagua matiti yote mawili, makwapa na korodani. Akimaliza kifuani akataka kuandika bila kukagua korodani, mwambie: "Daktari, naomba unikague na korodani pia."